Maktaba ya chuo si chumba cha kujisomea tu

Wanafunzi wengi huamini kwamba kila kitu kiko intaneti, kwa hiyo maktaba ya chuo imebaki mahali pa kukimbilia wiki ya mitihani. Si kweli. Makala nyingi za majarida ya kitaaluma hazisomeki bure: unabofya kichwa, unaona muhtasari, halafu unaambiwa ulipie. Mengi ya majarida hayo chuo huwa kimeshayalipia. Ingia kupitia ukurasa wa maktaba kwa nenosiri lako la chuo, na makala ileile inafunguka yote, hata ukiwa kitandani.

Kisha kuna mkutubi, na hapa ndipo wanafunzi wanapopoteza zaidi. Mpelekee mada yako ikiwa bado mbichi. Ukitafuta "vijana na ajira" utaletewa maelfu ya matokeo. Yeye atakuuliza vijana gani, ajira ipi, miaka ipi, na utaondoka na makala chache zinazokufaa kweli. Kitabu kikikosekana, maktaba nyingi huweza kukuazimia kutoka chuo kingine.

Nanyi mnaotangaza maktaba, bango la "Karibuni" halitoshi. Nendeni darasani siku kazi ya muhula inapotolewa, mkafungue makala moja mbele yao.