Akaunti ya Kustaafu Uliyorithi Marekani: Dhana Potofu ya Miaka 10 na Nyinginezo

Wiki iliyopita mteja mwingine alinitandazia mezani taarifa za akaunti ya IRA (akaunti binafsi ya akiba ya kustaafu) aliyoachiwa na marehemu mama yake, kisha akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba hana haraka nayo kwa kuwa sheria imempa miaka 10. Kauli hiyo nimechoka kuisikia, kwa hiyo nitaanza nayo.

Ni kweli kwamba sheria ya SECURE ya mwaka 2019 iliwaondolea watoto wengi wazima nafasi ya kutoa fedha kidogo kidogo maisha yao yote, na kwamba ikiwa mwenye akaunti alifariki tarehe 1 Januari 2020 au baadaye, mrithi wa aina hiyo hana budi kuimaliza akaunti kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka wa 10 baada ya mwaka wa kifo. Lakini huo ni ukomo tu. Wajibu wa miaka ya katikati unategemea swali ambalo hakuna mteja anayeniuliza: je, marehemu alikuwa ameshafikia tarehe ya kuanza kutoa kiwango cha lazima, yaani kiasi cha chini ambacho sheria hulazimisha kitolewe kila mwaka, tarehe ambayo kwa sasa ni 1 Aprili ya mwaka unaofuata ule aliotimiza umri wa miaka 73? Kama alikuwa hajaifikia, mrithi anaweza kungoja. Kama alikuwa ameifikia, mrithi lazima atoe fedha kila mwaka, na bado aimalize akaunti katika mwaka wa 10.

IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ilisamehe adhabu kwa miaka ya 2021 hadi 2024 kwa sababu kanuni zilikuwa hazijakamilika, na nadhani msamaha huo ndio uliolea uvumi huu. Kanuni za mwisho zilitolewa Julai 2024, na wajibu wa kila mwaka ukaanza kudaiwa mwaka 2025. Chukua mama aliyefariki mwaka 2022 akiwa na miaka 78, na binti aliyetimiza miaka 50 mwaka 2023. Jedwali la IRS linampa binti huyo namba ya kugawia salio la akaunti, 36.2, inayopungua kwa 1 kila mwaka, hivyo mwaka 2025 ni 34.2. Ikiwa salio la 31 Desemba 2024 lilikuwa dola 400,000, alipaswa kutoa takriban dola 11,700. Asipotoa, adhabu ni asilimia 25 ya kiasi kilichobaki bila kutolewa, au asilimia 10 akiwahi kurekebisha.

Hata asiyelazimishwa namshauri asingoje. Dola 400,000 zikiangukia juu ya mshahara wa mwaka mmoja zitatozwa kodi katika viwango vya juu ambavyo hajawahi kuvifikia, ilhali angeweza kuzigawa na kutoa nyingi zaidi mwaka ambao kipato chake ni kidogo. IRA ya aina ya Roth, ambayo fedha zake huwekwa baada ya kukatwa kodi, ndiyo pekee ningeiacha ikue, kwa sababu haina kiwango cha lazima cha kila mwaka kwa mrithi, ingawa nayo humalizwa ndani ya miaka 10.

Wengine hudai kwamba wosia ndio unaoamua nani arithi akaunti. Hapana, kinachoamua ni fomu ya kutaja mnufaika. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba mpango wa kustaafu wa mwajiri ulikuwa sahihi kumlipa mtalaka aliyebaki kwenye fomu, ingawa hati ya talaka ilisema ameachia haki yake. Fomu hiyo ikaguliwe leo.

Adhabu nyingine ya asilimia 10, ile ya kutoa fedha kabla ya kufika miaka 59 na nusu, haimgusi mrithi. Inaweza kumgusa mjane aliyehamishia fedha kwenye akaunti yake mwenyewe, jambo ambalo mjane kijana hafai kulifanya kwa pupa.

Mjukuu, hata akiwa mtoto mdogo, hana nafuu anayopewa mtoto mdogo wa marehemu, ambaye miaka yake 10 huanza kuhesabiwa anapofikisha 21.

La mwisho ni imani kwamba mtu anaweza kuchukua fedha za akaunti kwa cheki kisha kuzirudisha kwenye akaunti ya kustaafu ndani ya siku 60. Mwenzi wa ndoa anaweza, mtoto hawezi. Fedha zake zihamishwe moja kwa moja kutoka taasisi moja hadi nyingine, na jina la marehemu libaki kwenye akaunti. IRA ya kawaida ikishalipwa yote kwa cheki yenye jina la mtoto, yote ni mapato ya mwaka huo.