Mtazame Samaki Mdomo Kabla ya Kuchagua Ndoana

Wanaoanza kuvua kwa mshipi huniuliza swali lilelile: chambo gani ni bora? Kazi yangu ni kuchunguza samaki wa maji baridi, nami huwarudishia swali: unamtaka samaki gani? Ukijua mdomo wake umekaaje na anakula nini, mambo ya chambo, ndoana na kina cha maji hayakusumbui sana.

Chukua perege, ambao wengine humwita sato. Asili yake ni Afrika na Mashariki ya Kati, lakini wafugaji wamemfikisha hadi Asia na Amerika. Mdomo wake ni mdogo na vijino vyake vimejipanga kwa ajili ya kukwangua mwani. Ndoana kubwa haimwingii. Mpe ndoana ndogo, mshipi mwembamba, kinyunya cha unga au kipande cha mnyoo, na boya jepesi, kwa kuwa hudonoadonoa kabla ya kumeza. Msimu wa kuzaa utaona vishimo vya mviringo kwenye maji ya kina kifupi. Hivyo ni viota, na dume anayelinda kiota hugonga chochote kinachokatiza pale, hata kama hana njaa. Kumnasa ni rahisi mno, na ndiyo maana mimi simvui. Jike naye, katika aina nyingi za perege, huatamia mayai mdomoni na wakati huo karibu hali kabisa, kwa hiyo usishangae chambo chako kikipuuzwa.

Kambare ni habari nyingine. Macho yake ni madogo na hayategemei sana. Kambare wa Afrika ana sharubu nane, na viungo vya kuonja ladha vimetapakaa hadi kwenye ngozi yake isiyo na magamba. Anakuonja kabla hajakuona. Basi chambo chake kinuke: maini, matumbo ya kuku, minyoo. Wapo wanaovulia kipande cha sabuni na wanapata, ingawa simwonei wivu kambare anayekata mshipi na kuondoka na sabuni tumboni. Mtafute usiku, chubwi, yaani kizito cha mshipi, ikiwa imelala chini kabisa. Akigusa, tulia, akianza kutembea na mshipi, vuta. Ukishamtoa usidhani amekufa kwa sababu ametulia: juu ya matamvua ana kiungo cha kuvutia hewa, naye anaweza kukaa nje ya maji kwa saa kadhaa kama ngozi ina unyevu. Jihadhari pia na mwiba wa kila pezi la kifuani. Husimama wima na kujifunga, na kidonda chake huuma kwelikweli.

Kwa ujanja, lakini, hakuna wa kumfikia samaki aitwaye kapi (carp kwa Kiingereza). Midomo yake hurefuka kuelekea chini kama mrija, akafyonza tope na chakula pamoja, kisha akatema asichokitaka. Mdomoni hana meno. Ya kusaga yako kooni. Ndiyo sababu wavuvi wake hawachomi punje ya mahindi kwenye ndoana, bali huining'iniza kwa uzi mfupi kando yake. Anapofyonza punje, ndoana tupu huingia nayo, na anapotema humchoma mdomo. Kapi husikia vizuri sana, kwa kuwa vifupa vidogo huunganisha kibofu chake cha hewa na sikio. Usipige miguu ukingoni.

Trauti hutaka maji ya kuzizima, yasiyozidi nyuzi 20 hivi, kwa sababu maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo. Mtoni hukaa akiuelekea mkondo, akisubiri wadudu waletwe na maji. Basi mwendee kwa nyuma, ukitokea upande maji yanakoelekea, na umrushie nzi bandia apite mbele yake.

Halafu yuko sangara, aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na ambaye anaweza kupita kilo 100. Mdomo wake mpana hufunguka ghafla na kumfyonza samaki mzima, kwa hiyo mpe samaki bandia anayetembea, na mshipi imara. Kama unakusudia kumwachia, mvue kwenye maji ya kina kifupi. Akivutwa haraka kutoka kina kirefu, hewa ya kibofuni hutanuka, tumbo hutokezea mdomoni, na hata ukimrudisha majini atabaki akielea juu.