Kabla hujasambaza video ya mtu anayekata roho

Siku hizi mtu akifa mbele ya kamera, ndugu zake huweza kupata habari kupitia simu kabla polisi hawajapiga hodi na kabla daktari hajatamka neno. Mama anafungua kundi la WhatsApp, video inaanza kucheza, anaitambua shati ya mwanawe. Aliyeituma hakuwa na nia mbaya, pengine ameandika chini yake "poleni sana wafiwa". Mfiwa mwenyewe alikuwa bado hajajua kama amefiwa.

Katika mafunzo ya maadili ya habari tunayotoa, washiriki wengi huanza kwa kuuliza kama video ni ya kweli. Ni lazima waulize. Ila video inaweza kuwa ya kweli tupu na bado ukakosa haki ya kuionyesha. Mtu aliye hai hujifunika, hugeuza uso, humwambia mpiga picha aache. Anayekata roho hana nafasi hiyo, na jukumu la kumsitiri linabaki kwa waliomzunguka na kwa familia yake. Baadhi ya nchi zimeliingiza jambo hili katika sheria. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba familia ina haki ya faragha juu ya picha za mahali ndugu yao alipofia, na nchini Ujerumani, tangu 2021, picha inayomwanika marehemu kwa namna ya kumdhalilisha inaweza kumfikisha aliyeipiga au kuisambaza mahakamani.

Hata hivyo siungi mkono wanaotaka kila picha ya kifo ifichwe. Mwaka 1955 Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14, aliuawa na wazungu huko Mississippi, Marekani, mwili wake ukaharibiwa vibaya. Mama yake, Mamie Till, alikataa jeneza lifungwe. Maelfu ya watu walipita mbele yake mjini Chicago, na jarida la Jet likachapisha picha za mwili. Picha hizo ziliwasukuma wengi kuingia katika harakati za haki za raia. Aliyeamua ni mama mzazi, akijua anachokifanya na sababu yake. Hakuna mhariri wala mpita njia aliyemwamulia.

Kifo cha George Floyd, Mmarekani mweusi, hakikutoa nafasi ya kuulizana. Tarehe 25 Mei 2020, mjini Minneapolis, msichana wa miaka 17 alirekodi kwa simu yake askari akiwa amemkandamiza Floyd shingoni kwa goti. Taarifa ya kwanza ya polisi ilizungumzia tatizo la kiafya na haikutaja goti hata kidogo. Video ndiyo iliyofichua kile ambacho taarifa hiyo haikukisema, na Aprili 2021 askari yule akatiwa hatiani. Msichana yule alifanya jambo la haki, na kuichapisha video ile kulikuwa haki. Lakini ukweli ulipokwisha kujulikana duniani kote, dakika zilezile ziliendelea kurudiwa kwenye televisheni, mara nyingine nyuma ya wachambuzi wanaozungumzia mambo mengine. Kwa kurudia huko hakuna aliyejua jambo jipya, na familia ilizidi kumwona mtu wao akifa.

Kwa hiyo mimi hujiuliza: kuna jambo linalokanushwa ambalo video hii inalithibitisha? Kuna mwenye uwezo wa kuchukua hatua ambaye bado hajaiona? Familia inasemaje? Ajali ya barabarani kwa kawaida huanguka kwenye swali la kwanza, maana hakuna anayebisha kwamba lori limepinduka. Na hata pale video inapostahili kuonyeshwa, mhariri anaweza kuikata kabla ya pumzi ya mwisho, kuufunika uso na kuzima sauti. Sauti husahaulika sana, ilhali mwenye kufiwa huitambua hata uso ukifunikwa.

Kuna pia wauaji wanaotaka kutazamwa. Machi 2019 huko Christchurch, New Zealand, mtu mmoja aliwaua watu 51 katika misikiti miwili, sehemu ya mauaji hayo akiirusha moja kwa moja kwenye Facebook. Kwa maelezo ya kampuni hiyo, walioitazama video hiyo moja kwa moja hawakufika 200. Ndani ya saa 24 zilizofuata iliondoa nakala zipatazo milioni 1.5. Muuaji alirusha mara moja tu, na waliomtafutia watazamaji ni watu wengine, wakiwemo waliodhani wanalaani. New Zealand ilipiga marufuku kuimiliki na kuisambaza video hiyo.

Kuhusu kujiua sioni nafasi ya mjadala. Shirika la Afya Duniani linawataka wanahabari wasionyeshe video wala kueleza njia iliyotumika, kwa sababu aliye katika dhiki kama hiyo anaweza kuiga.

Ukijikuta umerekodi kifo chenye utata, usiifute video wala kuikata. Hifadhi faili la asili na umpe mpelelezi, wakili, au mwanahabari unayemwamini. WhatsApp ikituma video ya kawaida huibana, na taarifa za saa na mahali iliporekodiwa hupotea, kwa hiyo nakala inayozunguka kwenye makundi ni ushahidi dhaifu kuliko iliyo mfukoni mwako.

Ukiipokea, ishie kwako, na uiripoti kwenye mtandao ilikotoka. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp uzuie video zisijipakue zenyewe, hasa kama watoto huishika simu hiyo. Mtoto aliyekwisha kuiona asigombezwe. Muulize ameona nini, msikilize mpaka amalize, na umwambie ukweli kwa kiasi anachouliza. Akianza kukosa usingizi au kuogopa kubaki peke yake kwa wiki kadhaa, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili.