Pampu haivuti maji

"Pampu huvuta maji." Hata mafundi husema hivyo, na kwa mazungumzo ya kila siku si neno. Lakini pistoni ikipanda ndani ya silinda huacha tu nafasi tupu chini yake. Anayeyapandisha maji ni hewa ya nje, inayoukandamiza uso wa maji kule kisimani. Mrija wa soda nao ni hivyohivyo.

"Maji yasipopanda, pampu ni mbovu." Katika kitabu cha mwaka 1638 cha Galileo, mwanasayansi wa Italia, mna kisa cha pampu iliyogoma baada ya maji kushuka kwenye tangi. Fundi akaitwa kuitengeneza, akasema haina kasoro: maji yameshuka mno, na hakuna pampu ya kuvuta itakayoyapandisha zaidi ya dhiraa 18, yaani kama mita 10. Fundi alikuwa sahihi; msomi ndiye aliyekosea sababu. Galileo alidhani nguzo ya maji hukatika kwa uzito wake yenyewe, kama kamba. Mwanafunzi wake Torricelli alilipata jibu miaka michache baadaye kwa zebaki, metali ya majimaji, ambayo hewa huiinua sentimita 76 tu. Zebaki ni nzito kuliko maji mara 13.6. Zidisha, utaipata ile mita 10 na ushei.

"Basi nifunge injini kubwa zaidi." Utapoteza pesa. Injini haiiongezei hewa uzito. Pampu iliyokaa juu ya ardhi kwa kawaida huishia mita 7 au 8. Kisima kikizidi hapo, pampu izamishwe, isukume kutoka chini.

"Pampu ililetwa na viwanda vya Ulaya." Ktesibios wa Alexandria, Misri, alikuwa na pampu ya silinda mbili na vali tangu karne ya 3 KK. Mwaka 1206 mhandisi al-Jazari akaeleza yake, yenye bomba la kufyonzea, ikiendeshwa na gurudumu la mto.

"Watt ndiye aliyebuni injini ya mvuke." Injini ya Mwingereza Thomas Newcomen ilikuwa ikitoa maji mgodini karibu na Dudley, Uingereza, mwaka 1712, miaka 24 kabla Watt hajazaliwa. Tena si mvuke uliokuwa ukisukuma. Mvuke uliijaza silinda, ukanyunyiziwa maji baridi, ukageuka matone. Silinda ikabaki tupu, na hewa ileile ya kisimani ikaishindilia pistoni chini, upande wa pili wa boriti iliyofungwa pistoni ukapanda na vyuma vya pampu kutoka shimoni.