Samaki mkavu na brashi

Mstaafu akinunua rangi na brashi hapa Mwanza, hakosi wa kumkumbusha: samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya malezi ya watoto, si ya uchoraji. Anna Mary Robertson Moses, mkulima wa Marekani aliyezaliwa 1860, alianza kuchora kwa dhati akiwa amepita miaka 75, baada ya baridi yabisi kumzuia kudarizi. Alifariki 1961, akiwa na miaka 101.

Kinachofunzwa zaidi ni jicho, si mkono. Kaa ufukweni jioni ulitazame Jiwe la Bismarck, lile jabali lililo ndani ya Ziwa Victoria hapa Mwanza. Ukilipaka kijivu kitupu umekosea: jua likishuka huonyesha kahawia, waridi, hata zambarau upande wa kivuli. Anza na rangi za maji. Za mafuta huchelewa kukauka, na harufu ya tapentaini itawakimbiza wajukuu.