Je, wajua kwa nini mtoto wa lugha tatu hunyamaza kidato cha kwanza?

Mchukue mtoto wa Farkwa, wilayani Chemba, mkoani Dodoma. Nyumbani anaongea Kisandawe, lugha yenye vidoko, ile milio ya ulimi inayofanana na ya mtu anayeswaga punda. Mnadani anakutana na Warangi na Waburunge, na Kirangi anakijua kiasi cha kupatana bei ya mbuzi. Shule ya msingi kaisoma kwa Kiswahili na kafaulu vizuri. Anaingia kidato cha kwanza, ambako masomo ni kwa Kiingereza, na mtoto yule yule aliyekuwa wa kwanza kunyoosha kidole sasa katulia kama maji mtungini. Mwalimu anauliza, “Do you understand?” Darasa zima linaitikia, “Yes, sir!” Aliyeelewa hayupo.

Si uzito wa kichwa. Upande wa Kondoa na Chemba ni kati ya sehemu chache za Afrika ambako Wabantu, Wakushi, Waniloti na wenye lugha za vidoko ni majirani wa miaka mingi. Mtoto aliyekulia hapo kujifunza lugha ni mchezo wake wa kila siku. Kwa nini basi Kiingereza cha darasani kimshinde?

Jim Cummins, mtaalamu wa elimu wa Kanada, alieleza jambo hili mwaka 1979. Alisema kwamba tunachokiita lugha moja kwa kweli ni mbili: ya kuzungumzia na ya kusomea. Ya kuzungumzia inabebwa na macho, mikono na vitu vilivyopo. Ukisema “nipe ile” huku unaonyesha nyanya, utapewa nyanya. Ya kusomea haina nyanya ya kuonyesha, ni maneno matupu juu ya karatasi. Alipochunguza watoto wa wahamiaji nchini kwake, aliona kwamba ile ya kwanza waliipata kwa miaka kama miwili, lakini ya pili iliwachukua mitano hadi saba kabla ya kuwafikia wenzao wazawa.

Na hao walikisikia Kiingereza dukani, kwenye basi, kwenye televisheni. Hapa kwetu, nani anauza mchicha soko la Majengo kwa Kiingereza? Kutoka kidato cha kwanza hadi mtihani wa kidato cha nne ni miaka minne. Piga hesabu mwenyewe.

Halafu kuna maneno yanayogeuka sura. “Table” aliyofundishwa ni meza, sasa kwenye Hisabati ni jedwali. “Volume” aliizoea kwenye redio, kumbe ni ujazo. “Mean” iliyokuwa “kumaanisha” imekuwa wastani. Kinachoniuma zaidi ni yale anayoyajua tayari. Huyu mtoto amesoma usanisinuru, anajua jani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na mahindi ya babake ameyaona yakigeuka manjano. Akikutana na “photosynthesis” ubaoni anadhani ni somo jipya kabisa. Maarifa yamo ndani ya nyumba, kilichobadilishwa ni kitasa.

Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mzee. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia shule za msingi tangu 1967. Mwaka 1982 Tume ya Makwetta, tume ya rais kuhusu elimu, ilipendekeza sekondari nazo zianze kuhamia Kiswahili kuanzia 1985. Halikufanyika, na wazazi wengi hadi leo wanakililia Kiingereza. Sitauamulia hapa. Mtoto wa Farkwa yuko darasani leo, na anahitaji msaada leo.

Wapo wanaosema dawa ni kumtumbukiza: piga marufuku Kiswahili, mvishe kibao shingoni atakayeteleza, mwisho ataogelea. Sisi wa Dodoma tungepaswa kuwa wa mwisho kuamini hivyo. Wazee wa Kigogo wanasimulia kwamba jina la mji limetokana na “idodomya”, yaani imezama, kwa ajili ya tembo aliyekuja kunywa maji akadidimia kwenye tope. Mnyama mkubwa vile! Mtoto aliyevishwa kibao anachojifunza haraka ni kufunga mdomo, na hakuna lugha inayokua mdomo ukiwa umefungwa.

Njia nyingine imewahi kujaribiwa, na Dodoma haikuwa mbali. Miaka ya 2010 Chuo Kikuu cha Dodoma kilishirikiana na Taasisi ya Elimu Tanzania na Chuo Kikuu cha Bristol cha Uingereza kuandaa vitabu vya majaribio vya kidato cha kwanza. Sentensi zilifupishwa, picha zikaongezwa, maneno magumu yakawekewa maana kwa Kiswahili, na wanafunzi wakapewa nafasi ya kujadiliana kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Haikuwa kukikimbia Kiingereza. Cummins huyo huyo anashikilia kwamba dhana iliyokaa sawasawa katika lugha moja huhamia nyingine kwa urahisi. Ukishaelewa kani ni nini, “force” ni jina tu la kukariri.

Hata bila kitabu kipya, mwalimu mwenye chaki na wanafunzi themanini ana la kufanya. Aandike ubaoni maneno matano ya somo, kila moja na Kiswahili chake pembeni. Aandike pia mwanzo wa sentensi, kama “The leaf makes food by...”, ili mtoto amalizie badala ya kuanzia hewani. Mtoto akijibu kwa Kiswahili na jibu ni sahihi, alipokee kwanza, kisha alirudishe kwa Kiingereza darasa zima lisikie. Na lile swali la “Do you understand?” aliache. Badala yake aseme: mgeukie jirani yako, mweleze kwa lugha mnayoelewana, dakika mbili, halafu kila wawili waniandikie sentensi moja ya Kiingereza. Kelele zitakuwepo, na mkuu wa shule huenda akachungulia dirishani kuuliza kuna nini.