Imani ya Kikristo nje ya mlango wa kanisa: dhana potofu na ukweli wake, Malindi

Mwaka 1542, mmisionari Mkatoliki Francis Xavier alipita Malindi akiwa safarini kwenda Goa, India, na katika barua aliyoiandika baadaye alisimulia kwamba Mwislamu mmoja mwenye heshima mjini alimuuliza kama Wakristo huyajaza makanisa yao na kusali kwa bidii, kwa maana yeye mwenyewe alisikitika kuona kwamba kati ya misikiti 17 ya mji huo ni mitatu tu iliyokuwa ikihudhuriwa, tena na watu wachache. Leo sehemu ya kwanza ya swali hilo ni rahisi kujibu, kwa sababu makanisa mengi ya Malindi hujaa kila Jumapili. Ugumu umehamia katika yale ambayo waumini hao hao huyafanya sokoni, shambani na katika vikao vya ukoo.

Dhana: Anayehudhuria ibada zaidi ndiye mwenye imani ya kweli.

Ibada si jambo la kudharauliwa, wala mkesha si kosa. Hata hivyo Maandiko hayakuifanya ibada kuwa badala ya haki: Amosi 5 inaonyesha Mungu akizikataa sikukuu na nyimbo za watu walioipotosha haki, na katika Mathayo 23:23 Yesu anawakemea waliolipa zaka za mboga ndogondogo huku wakiyaacha mambo makuu ya sheria, yaani adili, rehema na imani. Mfanyabiashara anayepima mahindi kwa mkebe wa gorogoro uliobonyezwa kitako ameguswa moja kwa moja na Walawi 19:35-36. Mwenye shamba anayemwambia kibarua wa palizi “njoo kesho” wiki nzima, kisha Jumapili akasimama kutangaza ahadi nono ya ujenzi wa kanisa, ameguswa na mstari wa 13 wa sura hiyo hiyo, unaokataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi. Kwa maoni yangu kosa hili ni zito kuliko la muumini anayesinzia wakati wa mahubiri, ingawa ni huyu anayesinzia ambaye hukemewa hadharani.

Dhana: Kadiri mtu anavyojitesa, ndivyo anavyomkaribia Mungu.

Eneo letu lilionyeshwa mwaka 2023 mahali dhana hii inapoweza kufikia, pale miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watoto, ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, na walionusurika wakaeleza kwamba waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Isaya 58 inaieleza saumu kwa namna nyingine kabisa, kwa kuwa inataja kuwafungua walioonewa, kumgawia mwenye njaa chakula na kumvika aliye uchi. Naye Paulo, katika Wakolosai 2:23, anaonya kwamba ukali juu ya mwili huweza kuonekana kama hekima ilhali hauna faida. Unyofu wa imani hauhitaji pia utii usiouliza, kwani watu wa Beroya wanasifiwa katika Matendo 17:11 kwa sababu waliyachunguza Maandiko kila siku ili kuona kama waliyofundishwa yalikuwa kweli, na aliyewafundisha alikuwa Paulo mwenyewe.

Dhana: Ushawishi wa Kikristo ni kazi ya mchungaji na paroko.

Hapa ndipo naona hasara kubwa zaidi. Katika Kaunti ya Kilifi, ambamo Malindi imo, wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo kuna ugomvi wa ardhi ya urithi. Kaya Godoma, huko Ganze, imekuwa kimbilio la baadhi ya waliotishiwa. Maneno ya kumtuhumu mzee hayaanzii madhabahuni. Huanzia matangani, au baada ya mtoto kuugua ghafla, pale jamaa wachache wanapoanza kunong’ona kuhusu mvi za babu na macho yake mekundu. Mchungaji hayupo katika kikao hicho, bali yupo mjukuu anayeimba kwaya, au mkaza mwana aliye katika umoja wa akina mama, na neno lao la kukataa linaweza kuwa na uzito kuliko mahubiri ya mwaka mzima, kwa sababu limetoka ndani ya ukoo. Kumbukumbu la Torati 19:15 inataka mashahidi wawili au watatu kabla ya mtu kuhukumiwa, na Walawi 19, kwa mara nyingine, inaamuru mtu asimame mbele ya mwenye mvi. Aliyenyamaza ili asiharibu undugu ametumia ushawishi wake vilevile, ila ameutumia upande wa pili.

Dhana: Kushuhudia ni kusema.

Jirani Mwislamu anayeishi nasi ukuta kwa ukuta huijua imani yetu kwa jinsi tunavyorudisha deni na kupunguza sauti ya spika usiku. Yesu aliwaita wanafunzi chumvi, na wanaotengeneza samaki wa ng’onda wanajua kwamba chumvi hufanya kazi ikiwa imekwisha kuingia ndani ya nyama.

Dhana: Mungu akishasamehe, mambo yamekwisha.

Zakayo, katika Luka 19:8, hakuishia kwenye machozi. Aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Torati, katika Hesabu 5:7, inamtaka mkosaji aungame, arudishe alichochukua na aongeze sehemu ya tano juu yake. Kibarua yule wa palizi, kwa hiyo, anadai bado, hata kama mwenye shamba amelia mbele ya madhabahu. Na ikiwa aliyedhulumiwa amekwisha kufa, mstari wa 8 wa sura hiyo ya Hesabu haulifuti deni: hulipwa jamaa yake wa karibu, na ni pale tu asipokuwapo jamaa ndipo malipo huenda kwa kuhani.